PAKA ALALAYE MCHANA SI MVIVU WALA SI MCHAWI

Twaandika habari hii tukiwa na haya kidogo, maana jambo lenyewe lilianzia katika darasa letu wenyewe. Sisi ni waalimu wa huku Runzewe, wilaya ya Bukombe, ambayo ilikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga hata ulipoanzishwa mkoa wa Geita mwaka 2012. Siku moja mmoja wetu alikuwa akiwaonya watoto juu ya uvivu. Alipoona wawili watatu wanasinzia saa saba mchana, akawaambia, "Msiwe kama paka, ambaye kazi yake ni kula na kulala." Watoto wakacheka. Naye alipotusimulia chumbani mwa waalimu, sisi nasi tukacheka. Hatukufikiri ya kuwa neno lile litatoka mlangoni pamoja na watoto, litafika nyumbani kwao, na huko litakutana na neno jingine lililo baya kuliko hilo.

Maana yako maneno mawili yasemwayo juu ya paka katika nchi yetu. La kwanza ni kwamba yeye ni mvivu, kwa sababu hulala mchana kutwa. La pili ni kwamba hulala mchana kwa sababu usiku alikuwa ametumwa. Ametumwa na nani? Hapo wasemao hupunguza sauti, hutazama upande wa nyumba ya mama fulani mzee akaaye peke yake, kisha hunyamaza. Twataka kuyapinga maneno haya yote mawili, na hasa la pili. La kwanza humdhuru paka tu. La pili limekwisha kuwadhuru watu.

Kijijini kwetu yuko mama mmoja mjane, ambaye jina lake hatutalitaja. Sisi sote twamwita Mayu, kama ilivyo desturi ya Wasukuma kumwita mama. Ana shamba la mahindi na mihogo, ana kuku wachache, na alikuwa na paka jike mweusi. Paka huyo alikuwa na taratibu zake. Asubuhi alilala kando ya mafiga, majivu yangali na joto. Jua lilipopanda alihamia juu ya gunia la mahindi. Alasiri alilala chini ya kihenge. Jua likikaribia kutua aliamka, akanyosha mgongo, akatoka, asionekane tena mpaka alfajiri. Usiku mmoja kijana mwendesha pikipiki alimkuta njiani, na macho yake yakawaka kijani mbele ya taa. Kijana akasimulia kijiweni kwa wenzake. Wiki ile ile ng'ombe wa jirani akatupa mimba. Basi paka alalaye mchana, macho yawakayo usiku, na ndama aliyekufa kabla ya kuzaliwa, yote matatu yakafungwa kwa kamba moja.

Watoto walipotoka shuleni walimkuta paka yule amelala juani, wakampiga mawe hata akafa. Tulipomwuliza mmoja wao kwa nini walifanya hivyo, alijibu bila kusitasita, "Mwalimu alisema ni mvivu, na baba alisema ni wa kichawi." Kwa siku nyingi baada ya hapo hapakuwa na mtoto aliyekubali kumchotea Mayu maji. Na jirani mmoja alisikika akisema ya kuwa atakwenda kupiga ramli ili ajue ndama wake ameliwa na nani.

Msomaji wa nchi ya mbali ataona kwamba hili ni jambo dogo la kijijini. Sisi wa huku twajua ramli huishia wapi. Mwalimu Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika juu ya hesabu zilizokusanywa kwa amri ya wakubwa wa nchi: kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa kudhaniwa kuwa wachawi, wengi wao wanawake, na zaidi ya nusu yao katika nchi ya Wasukuma, yaani mikoa ya Mwanza na Shinyanga ya wakati ule. Wala mauaji hayo hayakukoma mwaka 1984. Wengi wa mama hao walishukiwa kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni mbichi, wa mabua na wa samadi ya ng'ombe, nao wameupikia miaka yao yote. Tazama basi, ndugu msomaji. Mama aliyeinama mbele ya mafiga miaka 50 amepata macho mekundu, na paka apendaye joto amelala kando ya mafiga yale yale. Jiko moja limewatia hatiani wote wawili.

Na tuanze na neno la uvivu, kwa kuwa sisi ndio tulioliotesha.

Ni kweli ya kuwa paka hulala sana. Paka mzima hulala muda wa saa 12 hata 16 katika saa 24, na kitoto chake na paka mzee huzidi hapo. Lakini halali kama sisi, usingizi mmoja mrefu wa usiku. Hulala vipande vipande, na vipande vilivyo vingi ni vya usingizi mwepesi. Macho yamefumbwa na kichwa kimeinama, lakini masikio yako kazini. Atakaye kuhakikisha na afanye hivi: amwache paka alale vizuri juu ya mkeka, kisha akwaruze gunia polepole kwa ukucha, kule mwisho wa chumba. Sikio moja la paka litageuka kabla jicho halijafumbuka. Tena masikio hayo husikia sauti nyembamba sana wanazosemezana panya, ambazo sikio la mwanadamu haliwezi kuzisikia kamwe. Mlinzi wa namna hiyo, hata akiwa amelala, yatupasa tumwite mvivu?

Sababu ya kulala kwake ni chakula chake. Mnyama alaye majani hana nafasi ya kulala, maana majani hayana nguvu nyingi, na shibe yake hupatikana kwa kula muda mrefu na kucheua. Ng'ombe wetu hulala usingizi wa kweli muda wa saa 4 tu hivi kwa siku, na punda chini ya hapo. Tembo wawili waliochunguzwa huko Chobe, Botswana, katika habari iliyochapwa mwaka 2017, walilala wastani wa saa 2 tu. Lakini mnyama alaye nyama hupata nguvu nyingi kwa mara moja, na kazi ya kuipata ni ya ghafula na ya kuchosha: kunyemelea, kungoja bila kutikisika, kisha kuruka kwa nguvu zote. Mara nyingi huruka akakosa, akaanza tena. Asipopumzika katikati, nguvu zote hupotea bure. Simba wa Serengeti, ambao George Schaller aliwachunguza kuanzia mwaka 1966, hujilaza na kupumzika karibu saa 20 katika siku moja. Nani kati yetu amewahi kusikia mtu akimwita simba mvivu? Wazee hujisifu kwa jina lake. Paka ni wa jamaa ile ile, na hulala kwa sababu ile ile, lakini kwa kuwa ni mdogo na twaweza kumpiga teke, twamtukana.

Saa zake za kazi ni magharibi na alfajiri, na sehemu ya usiku. Hizo ndizo saa za panya. Panya shamba, ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine huko Morogoro wamewachunguza kwa miaka mingi, hutoka gizani, na panya wa nyumbani vivyo hivyo. Mtu amtakaye paka awinde saa sita mchana anamtaka mvuvi avue barabarani.

Tena sisi wa Runzewe tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko watu wengine wote. Ni nani asiyewajua Sungusungu, walioanza katika sehemu hizi za Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakakesha kulinda ng'ombe wa watu? Walipolala mchana hakuna aliyewaambia kwamba ni wavivu. Wachimbaji wadogo wa dhahabu hushuka duarani usiku, na asubuhi twawakuta wamelala chini ya turubai, nasi twapita kwa kunyata ili tusiwaamshe. Madereva wa malori yaendayo Rwanda na Burundi hulala mchana kivulini mwa magari yao, hapa hapa njiani kwetu. Kwa watu twajua kuuliza, "Je, alikesha?" Kwa paka hatuulizi.

Na hata kwa watu hatuulizi daima. Baada ya mambo haya tulifuatilia habari za wale watoto waliosinzia darasani. Mmoja alikuwa amekesha kwenye karasha akimsaidia baba yake kubeba mawe ya dhahabu, na mwingine alikuwa akiamka usiku kwenda kuchota maji kabla foleni haijawa ndefu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mvivu. Mwenzetu aliyewaonya alikwenda kuwaomba radhi, na twamsifu kwa hilo, maana si kila mwalimu aweza.

Yuko msomaji mmoja, twamjua, atakayetuletea habari za Mfalme Sulemani na chungu. Twamjibu ya kuwa Sulemani alimtuma mvivu aende kwa chungu, lakini hakuagiza kila kiumbe apimwe kwa kipimo cha chungu. Na paka hatajwi kabisa katika vitabu wanavyosoma ndugu zetu wa Kiprotestanti. Wasomao Biblia ya Kikatoliki watamkuta katika kitabu cha Baruku, sura ya 6, ametua juu ya sanamu za miungu ya Babeli pamoja na popo na mbayuwayu. Lakini hapo zinazosemwa vibaya ni sanamu. Paka hasemwi kitu.

Tuje sasa kwa neno la pili, la kwamba paka hutumwa.

Wenye kusema hivyo huleta ushahidi wao. Kwanza husema, "Tazama, amelala, na miguu yake inatetemeka, ndevu zinachezacheza, na sauti ndogo inamtoka. Roho yake iko safarini." Habari hii imechunguzwa. Michel Jouvet, daktari wa mji wa Lyon, Ufaransa, alionyesha mwaka 1959 ya kuwa paka akiwa katika usingizi mzito namna hiyo, ubongo wake hufanya kazi karibu kama wa paka aliye macho, ila misuli ya mwili imelegea kabisa, isipokuwa mitetemeko midogo ya miguu na ndevu. Baadaye ilionekana kwamba paka aliyeharibiwa mahali padogo chini ya ubongo, pale panapolegeza misuli wakati wa usingizi, alikuwa akisimama hali amelala, akanyemelea na kurukia kitu kisichokuwapo. Basi amwonaye paka wake akitetemeka usingizini hana haja ya kumtafutia safari nyingine. Safari yake ni ya panya.

Pili husema, "Macho yake huwaka usiku." Huwaka kweli. Nyuma ya jicho la paka mna utando mfano wa kioo, urudishao nuru ili aone mahali penye giza. Lakini macho ya ng'ombe nayo huwaka, na ya mbuzi, na ya mbwa. Yule kijana wa pikipiki hukutana na macho ya ng'ombe kila usiku katika njia ya Ushirombo, wala hasemi kwamba zizi zima limetumwa.

Tatu husema, "Kwa nini hulala daima kwa yule bibi, wala si kwetu?" Swali hili latupendeza, kwa sababu jibu lake lawaaibisha wenye kuuliza. Joto la mwili wa paka ni karibu nyuzi 38 na nusu, juu ya letu, na hewa impayo raha ni ya nyuzi 30 hadi 38, ambayo sisi twaona ni ya kutoa jasho. Asili yake ni nchi kavu zenye jua. Wataalamu waliochunguza damu za paka wa dunia nzima walitangaza mwaka 2007 ya kuwa paka wote wa nyumbani wametokana na kimburu wa nchi za Mashariki ya Karibu, ambaye ni ndugu yake kimburu wa vichaka vyetu. Walizoeana na watu pale watu walipoanza kuweka akiba ya nafaka na panya wakaifuata. Katika kisiwa cha Cyprus limechimbuliwa kaburi lenye umri wa miaka kama 9,500, na ndani yake paka amezikwa kando ya mtu. Habari yake ilitolewa mwaka 2004. Basi mnyama huyo hutafuta joto, na nafaka yenye panya, na mahali pasipo na teke. Nyumba ya mama mzee ina vyote vitatu. Moto wake hauzimiki upesi kwa sababu mwili wake nao huona baridi. Mahindi yake yako ndani kwa kuogopa wezi. Hana watoto wadogo wa kumvuta paka mkia. Kwenu ninyi moto huzimwa, na paka hufukuzwa kwa ufagio. Mwataka alale wapi?

Wahenga walisema paka hakubali kulala chali, na maana yao twaijua, ya kuwa hakuna akubaliye kushindwa kwa hiari yake. Kwa mithali ni sawa, lakini kwa habari za paka wenyewe walipitiwa kidogo. Paka aiaminiye nyumba hulala chali, tumbo juu, miguu imelegea, kana kwamba hakuna adui duniani. Paka wa Mayu alilala hivyo. Sisi tuliokwenda kwake kumpa pole tulisimuliwa na yeye mwenyewe, na ndilo jambo pekee alilolisema kwa machozi. Tulipomwuliza kama watu walikuwa wamempa neno kabla ya hapo, alisema kijana mmoja alisimama mlangoni akamwuliza, "Mayu, paka wako hulala mchana kutwa, usiku huenda wapi?" Naye akamjibu, "Mwanangu, hata wewe ukikesha porini, mchana utalala." Jibu lile lilikuwa na akili kuliko yote yaliyosemwa darasani kwetu.

Wako na wale wasiosema habari za uchawi, bali husema, "Paka asilishwe, ili njaa imwamshe awinde." Nao wamekosea. Shauku ya kuwinda na njaa ni mambo mawili katika paka. Imejaribiwa: paka aliyekuwa akila chakula akipendacho alikiacha alipoona panya, akamwua, kisha akarudi kumalizia chakula chake. Paka mwenye njaa kali haendi kwenye kihenge chako tu, huenda mbali, huiba vifaranga vya jirani, wala harudi. Mabaki ya dagaa na ugali kidogo jioni vyatosha kumfanya ajue nyumba yake ni ipi. Kadhalika kumfungia chumbani usiku ili asitembee, kisha kumlaumu mchana kwamba hakukamata kitu, ni sawa na kumnyang'anya mtu jembe na kumwuliza habari za shamba.

Lakini lililo baya kuliko hayo ni sumu. Watu wengi hununua sumu ya panya mnadani, imefungwa katika vikaratasi visivyo na jina, wakaitia katika unga na kuitupa pembeni. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo kila mara. Huyumba, na paka humkamata kwa urahisi, akamla, naye akafa. Kisha panya waliobaki huzaa tena, na safari hii hakuna wa kuwazuia. Na mtoto atambaaye hajui kutenga unga wa sumu na unga wa kula.

Haki yatulazimu kukiri jambo moja dhidi yetu wenyewe. Paka peke yake hawezi kumaliza panya. Huko Brooklyn, katika mji wa New York, paka walichunguzwa mahali penye panya wakubwa wengi, na katika habari iliyotolewa mwaka 2018 walionekana kuwaua panya wawili tu kwa muda wa miezi mitano. Panya wakubwa wa namna ile ni wakali, na paka huwaepuka. Na wataalamu waliofanya kazi katika vijiji vya Swaziland, ambayo sasa ni Eswatini, waliandika mwaka 2017 ya kuwa mahali palipokuwa na paka peke yake, au mbwa peke yake, panya hawakupungua shughuli zao. Lakini palipokuwa na paka na mbwa pamoja, panya waliogopa kutoka kula. Habari hii twaipenda kwa kuwa ni ya vijiji kama vyetu. Mtu asidhani basi kwamba akishapata paka amemaliza. Na asafishe kiambaza cha kihenge, azibe matundu, aweke nafaka juu, afuge na mbwa.

Kuna jambo jingine linaloletwa na dhahabu yetu, nalo lahusu jiko lile lile apendalo paka kulala. Wako wachimbaji wachomao zebaki nyumbani, juu ya mkaa, ili dhahabu ibaki. Mvuke wake hauonekani wala hauna harufu ya kumwonya mtu, nao huingia kwa pumzi katika kila aliye karibu na moto: mama, mtoto, na paka. Katika mji wa Minamata, Japani, ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa kwa watu mwaka 1956, lakini kabla ya hapo paka wa wavuvi walikuwa wameacha kutulia, wakiyumba, wakizunguka kama wachezao ngoma, wengine wakianguka baharini. Zebaki ya Minamata ilikuwa ya namna nyingine, ilitoka kiwandani ikaingia katika samaki; ya kwetu hupita puani. Hata hivyo paka wao walikuwa wa kwanza kuonyesha dalili, na watu hawakuelewa. Basi paka aliyezoea kulala kwa utulivu akianza kuyumba, au kuuma ovyo, au kukosa usingizi kabisa, asisemwe kwamba ametumwa. Watu wa nyumba wajiulize habari za jiko lao. Tena asishikwe kwa mkono, maana paka naye hupata kichaa cha mbwa. Aitwe bwana mifugo.

Sasa twarudi kwa jirani yetu wa ramli, ambaye tunatumaini atasomewa gazeti hili. Ng'ombe hutupa mimba kwa magonjwa yanayojulikana, na bwana mifugo aweza kupima damu yake. Baadhi ya magonjwa hayo huambukiza wanadamu kwa maziwa mabichi, kwa hiyo kumtafuta mchawi ni kuuacha ugonjwa ukae nyumbani, unywewe na watoto. Tena sheria ya uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 na iliyo sheria ya nchi hata leo, haimkatazi mtu kujitia kuwa na nguvu za kuloga tu. Yakataza pia kumtaja mwingine kuwa mchawi. Apigaye ramli akatoa jina la mama mzee, na ampokeaye na kulitangaza, wote wawili wamevunja sheria kabla hata jiwe moja halijatupwa. Hayo tulimweleza mwenyekiti wa kijiji, naye aliitisha mkutano, akayasema mbele ya watu wote, na jirani yule alikuwapo. Alinyamaza. Hatujui kama alikubali.

Nasi Wakristo tusijifiche nyuma ya wapagani katika jambo hili. Waliompiga paka mawe walikuwa watoto wa watu waendao kanisani. Kijana wa pikipiki huimba kwaya. Jirani wa ramli amebatizwa, na watoto wake wamebatizwa. Jumapili twasali pamoja, na Jumatatu twatazamana kwa mashaka kwa sababu ya mahali alipolala paka.

Shuleni tumelipatia jambo hili somo la siku tatu. Watoto walipewa kazi ya kuandika, kwa kila saa ya mchana, paka wa kwao yuko wapi na anafanya nini, na wenye kuthubutu waliandika na habari za alfajiri. Wengi walirudi wakisema paka alikuwa akihama akifuata jua juu ya sakafu. Msichana mmoja wa darasa la tano aliandika kwamba saa kumi na moja alfajiri paka wao aliingia na panya, akamweka mlangoni, akalala pale pale, na mama yake akamfukuza kwa ufagio kwa sababu alikuwa amelala njiani. Daftari lile tumelihifadhi.

Mwishoni tuliona yatupasa kumlipa Mayu paka. Alikubali, lakini alituomba neno moja, kwamba asiwe mweusi. Hatukumwuliza sababu. Tulitafuta wiki mbili, tukapita nyumba hata nyumba, tukakataa vitoto vitatu vyenye afya njema kwa sababu ya rangi yao, sisi tuliokuwa tumetoka kufundisha ya kuwa rangi ya paka si kitu. Tukapata mmoja wa mabaka meupe na ya kahawia. Tulipompeleka alinusa mafiga, akazunguka chumba mara moja, akapanda juu ya gunia la mahindi, akalala. Watoto wawili walikuwa mlangoni na ndoo za maji.